Kula na kuishi bila uharibifu unaposoma ugenini

Mwanafunzi anayefika nchi ya kigeni huanza na chumba kitupu. Hana sufuria wala mto, hajajua soko liko upande gani, na katika jiko la pamoja amepewa rafu moja ya friji na nusu ya kabati. Uharibifu mwingi huanzia hapo: vyombo hununuliwa kwa haraka, vyakula hununuliwa kwa vipimo vya familia, na wiki ikiisha nusu yake imeoza. Tena anajua tangu siku ya kwanza kwamba ataondoka, kwa hiyo kila anachonunua ama kitapata wa kukirithi ama kitaishia jalalani.

Mifuko ya plastiki na mirija huzungumzwa sana, na ni vizuri kuiepuka. Ila uzito hasa uko kwenye mambo manne: chakula kinachotupwa, nyama nyekundu, joto (la maji, la chumba, la kikausha nguo) na safari za ndege. Yashike hayo kwanza. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 yake ilitoka majumbani, si madukani wala mikahawani.

Kabla ya kufunga mizigo

Usibebe vifaa vya umeme vya kupikia kabla hujajua volti ya unakokwenda. Kuna nchi zinazotumia volti 100 hadi 127 na nyingine 220 hadi 240. Birika la wati 2000 lililotengenezwa kwa volti 230, ukilichomeka kwenye volti 115, litatoa wati 500 tu, robo ya nguvu yake. Kifaa cha volti 120 kikichomekwa kwenye 230 huungua. Adapta hubadili umbo la plagi, haibadili volti. Chaja za simu na kompyuta nyingi zimeandikwa 100–240V, hizo hazina shida.

Nyama, maziwa, matunda mabichi na mbegu za kupanda hukamatwa forodhani katika nchi nyingi na kuchomwa moto, hata kama umevifunga vizuri. Viungo vikavu vilivyosagwa mara nyingi hupita, lakini soma kanuni za nchi husika. Gramu 50 hadi 100 za kila kiungo zinatosha muda mrefu. Unga wa viungo hupoteza harufu, na ukibeba kilo utaishia kuumwaga.

Vyombo vya wiki ya kwanza

Subiri siku chache uone jikoni kuna nini. Kisha, kwa mtu mmoja, hivi vinatosha:

- sufuria ya lita 3 yenye mfuniko unaoziba vizuri
- kikaango cha sentimita 24 hadi 26
- kisu kimoja kizuri chenye makali ya sentimita 15 hadi 20, na ubao
- mwiko, chujio, kikombe cha kupimia
- vyombo vinne vyenye mifuniko, vya mililita 500 hadi 750

Tafuta mitumba kwanza, hasa mwisho wa muhula wanafunzi wengine wanapoondoka. Sufuria ilalie meza bila kuyumba, kwa sababu kitako kilichopinda hakigusi vizuri jiko la umeme la sahani na joto hupotea pembeni. Kikaango ambacho utando wake umeanza kubanduka kiache. Kama jiko ni la induksheni, nenda na sumaku ndogo: ikinata kitakoni, sufuria itafanya kazi, isiponata, haitapata moto hata kidogo.

Godoro na makochi ya kuokota ni jambo jingine. Kagua mishono na pembe kwa tochi ya simu. Madoa madogo meusi kama nukta za kalamu ni kinyesi cha kunguni, na gharama ya kuwaondoa ni kubwa kuliko godoro jipya. Nguo za mitumba zikaushe kwa mashine yenye joto kali kwa dakika 30, au zifunge kwenye mfuko na uziweke kwenye friza ya nyuzi −18 kwa siku nne.

Friji

Friji iwe kati ya nyuzi 0 na 5 za Selsiasi. Namba za kwenye kitufe si nyuzi. Kwa kawaida namba kubwa ni baridi zaidi. Weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji, rafu ya katikati, ukisome asubuhi kabla mtu hajafungua mlango. Friji ya watu wengi huwa na joto kwa sababu mbili: mlango hauachi kufunguliwa, na imejazwa hadi hewa baridi haizunguki. Ya kwanza huiwezi. Ya pili mnaweza kuiondoa kwa kutoa visivyohitaji baridi.

Nyama mbichi na samaki hukaa chini kabisa, ndani ya chombo, ili majimaji yasidondokee vyakula vingine. Viporo hukaa mbele, usawa wa macho, kwa sababu kiporo kilichofichika nyuma huonekana tena kikiwa na ukungu. Mlangoni ndiko kwenye joto zaidi; weka huko sosi na achari, maziwa yaingie ndani.

Mboga za majani usizioshe kabla ya kuhifadhi. Unyevu uliobaki kwenye majani ndio huyaozesha. Zifunge kwenye kitambaa kikavu, kisha kwenye mfuko uliolegea, na uzioshe unapopika. Karoti zikate majani yake, maana yanazinyonya maji. Tufaha, ndizi na parachichi zinazoiva hutoa gesi ya ethilini inayoharakisha kuiva kwa jirani zake; zikikaa na mboga za majani, mboga hugeuka njano mapema. Gesi hiyohiyo unaweza kuitumia: parachichi gumu likifungwa kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu litalainika haraka.

Viazi, vitunguu na nyanya ambazo hazijaiva vitoke nje ya friji. Viazi vipate giza na hewa, mbali na vitunguu, maana vikikaa pamoja huota haraka. Sehemu ya kiazi iliyogeuka kijani ikatwe itupwe, ina sumu. Mkate nao, watu wengi huukosea: kwenye friji hukauka haraka kuliko mezani. Ukate vipande siku ya kuununua, ugandishe, na utoe kipande kimoja kimoja moja kwa moja kwenye moto.

Kuhusu tarehe kwenye pakiti, kuna aina mbili. Tarehe ya "tumia kabla ya" iko kwenye vinavyoharibika haraka kama nyama na samaki, na inahusu usalama. Ikipita, usinuse wala usionje, kwa sababu bakteria wengi wanaosababisha magonjwa hawaachi harufu. Tarehe ya "bora kabla ya" inahusu ladha na muundo. Tambi, mchele, makopo na biskuti vilivyopita tarehe hiyo huliwa bila wasiwasi kama pakiti haijatoboka na kopo halijavimba. Jifunze maneno yote mawili kwa lugha ya nchi uliko kabla hujajifunza majina ya mboga.

Kununua kwa kufuata rafu

Watu hupanga mapishi, kisha hununua. Kwa anayeishi peke yake utaratibu huo huacha nusu kabichi na robo pakiti ya krimu kila wiki. Ugeuze:

1. Kabla ya kwenda sokoni, piga picha rafu yako na kabati lako.
2. Taja vitu vitatu vitakavyoharibika kwanza. Hivyo ndivyo vitakavyoamua milo miwili ijayo.
3. Nunua vinavyokamilisha hivyo tu, pamoja na mboga za siku tatu. Mboga zinunuliwe mara mbili kwa wiki, kidogo kidogo. Nafaka na kunde zinunuliwe mara moja kwa mwezi.
4. Siku moja kabla ya soko, pika sufuria ya kumalizia: kitunguu, viungo, kila mboga iliyobaki, na kikombe cha dengu kuipa uzito.

Kiasi cha kupika ndicho kinachowashinda wageni wengi, hasa aliyezoea kupikia watu wanane. Kwa mtu mmoja, mlo mmoja: mchele mkavu gramu 75 hadi 90, tambi gramu 100, maharagwe makavu gramu 60 hadi 80. Pima kikombe chako mara moja tu ujue kinabeba gramu ngapi za kila kimoja, uandike kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa kabati.

Friza

Friza yenye mlango wake hufikia nyuzi −18, na chakula kinakaa miezi. Kile kijisanduku cha barafu kilichomo ndani ya friji ndogo kwa kawaida hakifiki hapo. Kichukulie kama cha siku chache.

Mboga za majani, karoti na njegere zichemshwe kidogo kabla ya kugandisha: dakika 2 hadi 3 kwenye maji yanayotokota, kisha kwenye maji baridi sana, zichuje, zikauke. Bila hatua hiyo vimeng'enya huendelea kufanya kazi hata kwenye baridi, na mboga hutoka na ladha ya nyasi. Mchuzi na kunde vitie kwenye mifuko, ulaze mifuko iwe na unene wa sentimita 2. Mfuko bapa huganda haraka, huyeyuka haraka, na hupangwa wima kama vitabu. Ukigandisha bonge la lita mbili utalazimika kuyeyusha lote na kula siku nne mfululizo. Andika jina la chakula na tarehe, kwa sababu vyote vikishaganda hufanana.

Kunde, na hatari yake moja

Maharagwe makavu ni rahisi, hayaharibiki, na kilo moja hutoa takriban kilo mbili na nusu zilizoiva. Pika gramu 500 kwa mkupuo mmoja, ugawe, ugandishe.

1. Loweka kwenye maji mengi saa 8 hadi 12.
2. Mwaga maji ya kulowekea, suuza.
3. Chemsha kwa maji mapya, yatokote kwa nguvu dakika 10 nzima, ikiwezekana 30.
4. Punguza moto, funika, hadi yalainike, kati ya dakika 45 na saa moja na nusu.
5. Chumvi unaweza kutia mapema. Nyanya, ndimu na siki vitiwe baada ya kulainika, maana asidi hukaza ganda.

Hatua ya tatu usiiruke. Maharagwe mekundu mabichi yana lektini inayoleta kutapika na kuharisha, na punje chache zinatosha. Sufuria za umeme za kupika polepole huenda zisifikie joto la kuiharibu, na maharagwe yaliyopashwa moto mdogo huwa na sumu zaidi kuliko mabichi. Kama una sufuria ya namna hiyo, chemsha kwanza jikoni, ndipo uhamishie humo.

Yasipolainika hata baada ya saa mbili, ama ni ya zamani sana ama maji ya eneo hilo yana chokaa nyingi. Robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda kwa lita moja ya maji husaidia. Ukizidisha, yanakuwa na ladha ya sabuni. Sufuria ya presha hupika kwenye nyuzi takriban 120 na kumaliza maharagwe yaliyolowekwa kwa dakika 10 hadi 15. Ukiinunua mtumba, badilisha mpira wake na uhakikishe kwenye mwanga kwamba tundu la vali liko wazi. Dengu za kuparazwa hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 20. Siku za mitihani ndizo za kutegemea.

Njia isiyohitaji kifaa chochote ni kufunika sufuria. Chemsha mchele dakika 5, zima moto, ufunge sufuria na mfuniko wake ndani ya taulo nene na blanketi, uiache nusu saa. Joto lililomo humalizia kazi. Sufuria iwe imejaa angalau nusu, vinginevyo hupoa mapema. Usipike nyama kwa njia hii.

Wali uliobaki unahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Mbegu za bakteria aitwaye Bacillus cereus hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa na uvuguvugu huzaliana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Usambaze kwenye sahani pana upoe, uingie kwenye friji ndani ya saa moja, uliwe kesho yake. Viporo vingine viingie ndani ya saa mbili, viishe ndani ya siku tatu, na vipashwe mara moja tu hadi vitoe mvuke katikati.

Nyama, na umbali wa chakula

Mwaka 2018 Joseph Poore na Thomas Nemecek walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa mashamba yapatayo 38,700 katika nchi 119. Kwa kila gramu 100 za protini, nyama ya ng'ombe wa nyama ilikuwa na gesijoto takriban kilo 50. Kuku takriban kilo 6. Mayai kilo 4. Kunde chini ya kilo 1. Pengo ni kubwa kiasi kwamba kubadilisha milo mitatu ya nyama ya ng'ombe kwa wiki kunazidi karibu kila kitu kingine unachoweza kufanya jikoni. Si lazima uache nyama kabisa. Iwe kitoweo cha siku maalumu, si cha kila siku.

Kwa vyakula vingi usafirishaji ni sehemu ndogo ya mzigo, kwa hiyo usijilaumu kwa mchele au kunde zilizovuka bahari kwa meli. Cha kuogopa ni kilichopanda ndege: matunda laini na mboga changa zinazooza haraka, zilizotoka mbali, nje ya msimu wake. Vyakula vya nyumbani vinavyouzwa vikavu hufika kwa meli; vinunue kwa amani. Kupata ladha ya kwenu ugenini ni sehemu ya afya yako.

Ukiacha kabisa nyama, samaki, mayai na maziwa, lazima upate vitamini B12 kwa vidonge au vyakula vilivyoongezwa, kwani mimea haina ya kutegemewa. Chuma kilichomo kwenye kunde huingia mwilini vizuri kikiliwa na ndimu, pilipili hoho au chungwa. Chai ya rangi inywe saa moja baada ya mlo, maana huzuia chuma hicho kuingia mwilini. Na walioko nchi za mbali na ikweta, hasa wenye ngozi nyeusi, waulize kituo cha afya cha chuo kuhusu vitamini D kabla ya majira ya baridi, kwa sababu jua la majira hayo halitoshi.

Kupika kwa zamu

Watu wanne wakipika kila mmoja sufuria yake, mnawasha moto mara nne na kununua kabichi nne. Mkipika kwa zamu, kila mmoja mara moja kwa wiki, mna milo minne ya kujipikia mara moja. Mipango hii huvunjika kwa sababu zilezile: mmoja ananunua vya bei, mwingine anapika tambi tupu, wa tatu haji bila taarifa. Wekeni kiwango cha juu cha gharama kwa zamu, andikeni mizio na miiko ya kila mtu ukutani, na mkubaliane kwamba asiyekuja ataarifu kabla ya saa sita mchana. Anzeni na wiki nne, kisha muamue upya. Rafu moja ya friji iwe ya wote, na kinachowekwa hapo kiandikwe tarehe. Kikifika siku ya tatu bila kuliwa, kinatupwa bila kuuliza.

Joto

Bafu la kusimama linalotoa lita 9 kwa dakika, maji yakipandishwa kutoka nyuzi 12 hadi 38, linakula takriban uniti 0.27 za umeme kila dakika. Dakika kumi ni uniti 2.7. Kuchemsha lita moja ya maji kwenye birika ni kama uniti 0.1. Kwa hiyo dakika tano zilizopunguzwa bafuni kila siku zina maana kuliko kuchomoa chaja ya simu mwaka mzima.

Kipasha joto cha ukutani chenye namba 1 hadi 5, namba 3 kwa kawaida ni takriban nyuzi 20. Kukiweka 5 hakupashi chumba haraka. Kunakifanya kisijue pa kusimama. Usikifunike kwa pazia wala kukizibia na kitanda. Wakati wa baridi fungua dirisha lote dakika 5 hadi 10, mara mbili au tatu kwa siku, kipasha joto kikiwa kimezimwa. Dirisha lililoachwa upenyo mchana kutwa hupoza kuta, na ukuta baridi ndio unaoota ukungu.

Nguo zifuliwe kwa nyuzi 30, mashine ikiwa imejaa na nafasi ya kiganja juu. Taulo, shuka na vitambaa vya jikoni vistahili 60. Kikausha nguo cha kawaida hula uniti 2 hadi 4 kwa mkupuo, basi tumia mzunguko mkali wa kukamua, kisha uanike. Nguo za mkupuo mmoja bado zina takriban lita mbili za maji hata baada ya kukamuliwa, na maji hayo yote huingia kwenye hewa ya chumba chako. Anika karibu na dirisha na ulifungue kama ilivyoelezwa, la sivyo ukungu utaanzia nyuma ya kabati.

Taka

Rangi za mapipa hutofautiana hata kati ya miji ya nchi moja. Chukua maelezo ya manispaa yako, si ya rafiki aliye mji mwingine. Kadibodi yenye mafuta ya chakula huharibu karatasi nyingine, itupe kando. Mafuta ya kupikia yapoe, uyatie kwenye chupa. Ukiyamwaga kwenye sinki yataganda kwenye bomba. Mifuko iliyoandikwa kwamba huoza, mingi huhitaji joto la kiwanda cha mboji, haiozi kwenye pipa la nyuma ya hosteli.

Ndege, na wiki za kuondoka

Safari moja ya kwenda na kurudi yenye jumla ya kilomita 12,000 inaweza kufikia takriban tani moja ya hewa ukaa kwa abiria mmoja, na hivyo inaweza kufuta mwaka mzima wa dengu. Hakuna anayekwambia usiende kuwaona wazazi. Nenda mara moja ukae muda mrefu badala ya mara mbili kwa wiki moja moja, chagua ndege isiyobadilisha njiani inapowezekana, na mapumziko mafupi yatumie kwa treni na basi.

Wiki sita kabla ya kuondoka, acha kununua vyakula vikavu na uanze kumaliza kabati. Wiki nne kabla, piga picha vyombo na vitabu, uvitangaze kwa wanaobaki na kwa ofisi ya wanafunzi wa kimataifa, ambayo katika vyuo vingi huwajua wanaokuja. Bakisha sufuria, kisu na sahani moja hadi siku ya mwisho, vikiwa tayari vimeahidiwa mtu. Pakiti zisizofunguliwa zipeleke kwenye benki ya chakula, yaani kituo kinachogawia wahitaji chakula, ambacho kwa kawaida hakipokei zilizofunguliwa. Kama friji ni yako mwenyewe, izime usiku wa kuamkia siku ya mwisho, tandika taulo chini, ifute ikauke, na uache mlango wazi kwa kitambaa kilichokunjwa ili isishike ukungu kabla mwenzako hajaja kuichukua.